Mama anasahau, na wifi anasema tumpeleke kupimwa kwa kisingizio cha presha

BARUA

Asalamu alaykum dada mshauri. Jina langu liwache, kwetu ni padogo, niite tu mtoto wa Wete nnaekaa Unguja. Nina miaka 41, nnafundisha skuli ya msingi, mume wangu fundi gari na tuna watoto wanne. Mama yangu ana 72. Baba alipofariki Mama alibaki Pemba na kaka mkubwa, mwaka jana nikamleta kwangu kwa ajili ya macho, akaambiwa yote mawili yana mtoto wa jicho, la kushoto likafanyiwa, la kulia bado, na toka hapo hakurudi tena Pemba, yuko kwangu.

Mwanzo nilidhani ni utu uzima tu. Mtu kuuliza kitu mara mbili mara tatu, kutafuta miwani nayo iko kichwani, hayo hata mie yananitokea. Lakini saivi yamezidi. Anasali Adhuhuri, anamaliza, anakaa kidogo, anatia udhu tena anasali Adhuhuri. Ukimwambia Mama ushasali anakuwa mkali, anasema wewe ndo wa kunihisabia rakaa? Hela zake za pensheni jamii kazifunga kwenye pindo la kanga, kanga kaitia chini ya godoro, kisha kasema mwanangu wa pili ndie kaziiba. Mtoto kalia siku ile hata kula hakula. Tulipozikuta Mama hakusema lolote ila "umezirudisha baada ya kuona nimejua". Siku nyengine kaenda khitmani nyumba chache kutoka kwetu, kurudi kapotea, kaletwa na kijana wa bodaboda. Wali kauunguza mpaka moshi umejaa ukumbini na yeye kakaa hapo hapo.

La kunitisha zaidi ni mkate wa kumimina. Mama huyu kaupika na kuuza toka mie sijazaliwa, watu wakitoka Limbani kuja kuununua kwetu. Ramadhani iliyopita kasimama jikoni na bakuli la mchele uliosagwa, hajui hamira katia au hajatia, katia tena, kisha kanitazama. Nikaona na yeye katishika. Hatujaizungumza mpaka leo.

Ana presha na sukari, za sukari anakunywa metformini miaka mingi, na usiku hunywa piriton, ile dawa ya mzio, kwa kuwashwa mwili, kazoea, bila hiyo anasema halali. TV anafungua sauti mpaka jirani wanasikia taarifa ya khabari. Na kabla ya Ramadhani aliteleza chooni akajigonga kichwa lakini hakuzirai, tukamkanda akasema yuko salama.

Sasa huku nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu alieko Muscat alimfanyia mtihani kwa simu ya video, kaupata mtandaoni. Kamwambia achore saa na aweke saa kumi na moja na dakika kumi, Mama mshale mdogo kauweka kwenye tano. Kamwambia atoe saba kwenye mia, kisha atoe tena saba, tena saba, kakwama baada ya 93. Maneno matano ya kukumbuka kakumbuka mawili. Kaka kasema kapata 13 juu ya 30, Mama keshaingia kwenye ugonjwa wa kusahau, na Bibi (mama yake Mama) alikuwa hivo hivo mwisho wake, basi kitu kiko kwenye damu. Anataka kuleta vile vikopo vya kutemea mate vya kupima jeni, tupime wote, Mama na sisi watoto.

Mwezi ujao watu wa afya wanakuja kwenye shehia yetu kuwapima wazee wa miaka 60 kwenda juu, presha, sukari, macho na maswali ya kumbukumbu. Bure. Mie naona ni fursa. Lakini kaka mkubwa Pemba kanijia juu, kasema mnatafuta karatasi ya kusema Mama hana akili ili muuze shamba. Mama ana shamba la mikarafuu, eka tatu, na kweli kaka wa Muscat alishawahi kusema bora liuzwe ajengewe nyumba Unguja. Na kweli pia kaka mkubwa ndie anaelivuna. Yeye anasema Mama kapatwa na jicho la watu, kamleta sheikh kumsomea, na kombe, yale maji ya kunywa yalioshewa aya za Qur'ani, kalileta kutoka Pemba.

Mama mwenyewe nilijaribu kumgusia. Kanijibu mie sina wazimu, na mkinipeleka Kidongo Chekundu, yani hospitali ya wagonjwa wa akili, radhi zangu hamna. Dada, neno hilo limenikaa.

Wifi yangu, dada wa mume, anasema wacheni maneno, mwambieni anakwenda kupimwa presha, akifika pale ataulizwa hayo maswali mengine kama mazungumzo, wala hatojua. Mume wangu anaona sawa. Mie moyo hautaki lakini njia nyengine siioni. Nimpeleke hivo? Au niwache, mana hata akikutwa nayo dawa yenyewe nasikia hakuna? Na mie je, nipime hiyo mate? Mana saivi nikisahau jina la mwanafunzi tu usiku silali.

JIBU

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma na nimeirudia, mana ndani yake mambo matatu yamefungana, kuna Mama anaebadilika, kuna upimaji wa shehia, na kuna shamba. Wewe umeniuliza zaidi la katikati, nimpeleke kwa kisingizio au nisimpeleke. Huko ntafika, ila niruhusu nianze nyuma kidogo, kwa sababu naona kuna mambo umeshayakubali kuwa ndo yalivo na mie sina hakika nayo.

Kwanza huu mtihani wa simu. Kaka yako hakufanya kwa ubaya, mtu yuko mbali, anaogopa, anashika anachokipata. Lakini hebu ile saa itazame tena. Kaambiwa saa kumi na moja na dakika kumi, na yeye mshale mdogo kauweka kwenye tano. Kwa saa tunayoisoma sisi hapo ndo penyewe, ukienda kwenye saa ya ukutani wakati wa saa kumi na moja mshale mdogo uko kwenye tano. Yani Mama kapatia, kaka yako kamkosesha. Na kutoa saba kwenye mia ni mtihani wa watu waliokaa darasani. Hukunambia Mama kasoma mpaka wapi, ila wanawake wengi wa umri wake Pemba chuoni, yani madrasa, walikwenda na skuli hawakukaa, na mitihani ya alama 30 iliyotungwa huko nje ilitungwa kwa watu wenye skuli, mmoja wao maarufu unamuongezea mtu alama moja tu kama kasoma miaka 12 au chini ya hapo, hata kama hakusoma kabisa. Pale wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliliona tatizo hili hili wakatengeneza maswali mengine ya wazee wasiosoma, taja wanyama uwajuao kwa dakika moja, daraja ni kitu gani, panga njiti za kiberiti kama nilivozipanga mie, na maneno ya kukumbuka. Kwahivo ile 13 isikulaze macho. Sisemi Mama hana kitu. Nasema ile namba haikwambii.

Na huko huko Hai walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi, waliokutwa na demensia, yani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na fahamu taratibu, ni kama asilimia 6.4. Si wachache, lakini maana yake pia wazee wengi mno wa umri wa Mama hawana, na kusahau kwao kuna sababu nyengine au ni uzee wa kawaida.

Pili, kupima watu wote kuanzia miaka 60 ni kitu kimoja, na kumchunguza mtu ambae nyumbani washaona kabadilika ni kitu chengine. Hilo la kwanza hata wataalamu hawajakubaliana. Marekani kuna jopo linaloishauri nchi kuhusu vipimo vya namna hii, mwaka 2020 walisema kwa wazee wa miaka 65 na zaidi wasio na dalili ushahidi hautoshi kusema wapimwe au wasipimwe. Si kwamba ni vibaya, ni kwamba faida haijaonekana wazi na hasara zipo, mtu mzima wa salama anaambiwa kakosa maswali, anarudi nyumbani na khofu, jirani wanampa jina. Lakini Mama hayuko kundi hilo. Hamira, Adhuhuri, sufuria, hizo ni dalili, na mtu mwenye dalili anahitaji daktari akae nae na akae na wewe, maswali ya dakika chache kwenye skuli au ofisi ya sheha hayatoshi. Yale ya shehia yanaweza kuwa mlango. Akifanya vizuri pale usije ukalala ukasema basi, na akifanya vibaya usije ukalia ukasema basi.

Sasa nikuulize kitu. Kupotea, kapotea Unguja, mtaa ambao kauhamia akiwa mtu mzima na jicho moja bado lina mtoto wa jicho. Pemba njia zake anazijua? Akienda Wete kwa jirani anarudi? Huyo anaejua ni kaka mkubwa, na katika barua yote hii hukumuuliza, mmegombana tu. Inawezekana anaona Mama tofauti na unaemuona wewe, ukimhamisha mtu mzima kutoka nyumbani kwake alikozika mume, kwenye jiko lake na jirani zake, akawa mgeni kwa mtoto wake, mengi yaliyokuwa yanabebwa na mazoea yanadondoka. Inawezekana pia dalili zilikuwepo Pemba na yeye kazizoea, au hataki kuziona. Mkate wa kumimina lakini hausingiziwi uhamiaji, hapo nakubaliana na wewe, kazi ya mikono ya miaka yote ikimpotea mtu katikati ni jambo la kufuatiliwa.

Na kuna vitu umeviandika kama vya kupita tu, mie ndo nimesimama hapo. Metformini miaka mingi huweza kushusha vitamini B12 mwilini, na B12 ikishuka kumbukumbu inayumba, inapimwa kwa damu na inatibika. Piriton ya kila usiku kwa mtu mzima si kitu kidogo, ni katika dawa zinazojulikana kuwachanganya wazee, na huenda kuwashwa kwenyewe kuna sababu yake haijatafutwa. Kujigonga kichwa chooni, kwa wazee damu inaweza kuvuja taratibu na kujikusanya juu ya ubongo wiki kadhaa baadae bila ya kuzirai, kwahivo daktari lazima aambiwe, na kama mabadiliko yalizidi baada ya kuanguka ndo useme tarehe. Sauti ya TV, mtu asiesikia hawezi kukumbuka alichokuwa hajakisikia, wewe unadhani kasahau kumbe halikumfikia. Bado kuna tezi ya shingo, kuna UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mtu mzima inaweza kuja bila homa ikaja na kuropokwa, kuna huzuni ya kufiwa ambayo kwa watu wetu haiitwi ugonjwa, inaitwa kanyamaza. Mie si daktari wa Mama na siwezi kukwambia ni lipi katika haya, huenda hata moja si hilo na ni demensia kweli, huenda ni demensia na haya mengine juu yake. Ila haya ndo yanayofanya kukaa kimya kuwe na hatari, si ile "dawa hakuna".

Mana hilo la dawa ni kweli nusu. Ya kuponya Alzheimer, ile demensia iliyo nyingi zaidi, haipo. Zipo za kusaidia dalili kidogo kwa baadhi ya watu, na zile mpya zilizoidhinishwa Marekani zinataka picha za ubongo na sindano za mara kwa mara, si mambo ya kukushughulisha wewe leo. Lakini kujua mapema kuna kazi nyengine. Presha na sukari, mtu anaesali Adhuhuri mara mbili anaweza kunywa dawa mara mbili, au asinywe kabisa, na nani anamuangalia? Gesi ikoje? Ana namba yako ya simu iliyoandikwa kwenye mkoba wake? Na anataka nini yeye mwenyewe, akae wapi, nani amuogeshe siku ikifika, haya ataweza kuyasema saivi kuliko baadae.

Basi twende kwenye kisingizio. Wifi yako si mjinga, kuna watu wamefanya hivo na mambo yakapita, mama kapimwa, kapata matibabu, hakuna aliegombana. Na presha kweli atapimwa, kwahivo si uongo mtupu, ni kweli iliyokatwa katikati. Faida yake ni kwamba unafika. Hasara zake mimi naziona mbili. Ya kwanza, pale watakuwepo wazee wenziwe wa mtaa, akianza kuulizwa leo siku gani na rais nani, unadhani hatojua? Watu wa umri wake toka chuoni wanaomba dua ya kukingwa na umri dhalili, ule wa mtu kutojua kitu baada ya kujua. Anajua vizuri sana linalotafutwa. Kanitazama, ndo ulivosema mwenyewe, ukaona katishika. Ya pili, mama yako tayari yuko katika hali ya kuona anaibiwa na anafichwa. Akijua umemfanyia ujanja mara moja, dawa ya mkononi mwako ataipokea vipi? Na wewe ndo utakaekaa nae, si wifi.

Kuna kati na kati. Unaweza kumwambia kweli bila ya kutaja akili wala wazimu, mana lililomtia khofu ni Kidongo Chekundu, si daktari. Kaa nae wakati wake mzuri, wengi wao asubuhi ndo wazuri, watoto wakiwa skuli, TV imezimwa, kaa mbele yake akuone mdomo. Anza na ile siku ya mkate, mwambie Mama siku ile ya hamira nilikuona umeshtuka, na mie nilishtuka, wewe mwenyewe unaonaje? Kisha nyamaza. Huenda akakufukuza. Huenda akakwambia kitu ambacho kakibeba peke yake mwaka mzima. Ukiona kafunguka mwambie twende wakuangalie masikio, jicho la pili, damu, hizi dawa zako, na hilo la kusahau pia, mie ntakuwa ubavuni na hakuna wa kukuacha popote. Na hilo la mwisho ulimaanishe, usiahidi usichokiweza.

Akikataa je? Hilo linawezekana na siwezi kulifuta. Mtu mzima ana haki ya kukataa kujua. Hapo unaweza kusubiri, ukaanza na vidogo ambavyo havigombi, kama kumpeleka kliniki yake ya kawaida ya presha na sukari ambayo keshaizoea, na wewe ukaenda na karatasi umeandika unayoyaona, lini yalianza, anguko, dawa zote pamoja na piriton na kombe, ukampa daktari. Hapo hujamdanganya anapokwenda. Lakini kusubiri nako kuna bei yake, dawa na jiko havisubiri, na kama ni damu kichwani haingoji. Akianza ghafla kuwa mzito wa kuamka, kuumwa kichwa sana, kutapika, mguu au mkono kulegea, au kuchanganyikiwa kwa siku moja mbili tu tofauti na kawaida, huo si wakati wa kushauriana, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu radhi, sikupuuzi. Umeniandikia limekukaa na najua maana yake. Ila lisome vizuri alilolisema, kasema mkinipeleka mahali fulani. Pengine mwambie mbele ya kaka zako kwamba hapelekwi pahala bila kujua, uone kama neno litalainika. Na kusomewa si vita na hospitali. Mtume (SAW) katuhimiza tujitibu, na kaka yako akitaka kuendelea kumsomea wala usimzuie, Mama huenda anapata utulivu. Mwambie tu vyote viwili viende pamoja.

Kaka mkubwa huyo. Naona umemueleza kama mtu mwenye tamaa ya mavuno, na labda anayo, sijui. Lakini khofu yake ina mguu. Karatasi ya alama inaweza kweli kutumiwa vibaya na mtu anaetaka shamba, upande wowote. Jueni basi wote watatu kwamba alama za maswali ya shehia si hukumu, hazisemi kama mtu ana uwezo wa kuamua mali yake au hana, na mtu mwenye demensia changa anaweza bado kujua anachokitaka. Na upande wa pili, hiba inataka mtu mwenye akili timamu, na wasia haupiti theluthi, kwahivo kumtia Mama dole gumba kwenye karatasi yoyote kipindi hiki, ya kuuza au ya kumpa yeyote, ni kutafuta kesi kwa kadhi kesho. Unaonaje ukimpigia, usianze na kupima, ukaanza na kumwambia shamba haliguswi na mtu mpaka Mama aseme mwenyewe mbele ya sote na mashahidi? Na huyo wa Muscat aseme hivo hivo, kwa sauti yake. Ukishaliondoa shamba mezani utajua kama anakataa upimaji au alikuwa anakataa kuuzwa. Halafu muulize lile la njia za Wete.

Sasa wewe na vikopo vya mate. Kinachotafutwa humo mara nyingi ni jeni moja inaitwa APOE, kuna aina yake inayoongeza uwezekano wa Alzheimer. Inaongeza, haihukumu, wapo wanaoibeba wakafa na akili zao, na wapo wasioibeba wakapata. Tena hesabu zake nyingi zimetoka kwa Wazungu, na tafiti za Waafrika, zikiwemo za Ibadan Nigeria, zimeonesha nguvu yake kwetu ni ndogo zaidi. Kwa Mama haikwambii kama anayo sasa hivi au hana. Na majibu ya mmoja wenu yanagusa ndugu wote na watoto, hata ambae hakutaka kujua. Kama unahisi kujua kutakutuliza, jiulize pia usiku wa baada ya kujua kuwa unayo utakuwaje, wewe ambae jina la mwanafunzi tu linakukosesha usingizi. Na bibi yenu mnajuaje alikuwa na nini? Miaka ile hakuna aliempima, huenda ilikuwa ni presha na viharusi vidogo vidogo.

Ambacho kiko mikononi mwako hakihitaji mate. Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia demensia ambayo yanaweza kubadilishwa, wakakadiria kama yote yangeondolewa duniani karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepukwa au wangechelewa. Hiyo ni hesabu ya watu wote kwa jumla, si dhamana ya mtu mmoja, tusidanganyane. Lakini yaangalie, presha, sukari, lehemu mbaya, kutosikia, kutoona, sigara, unene, kukaa tu, upweke, huzuni, kugongwa kichwa. Nusu ya hiyo orodha inaishi nyumbani kwako saivi. Hata la masikio, utafiti wa Marekani uliotoka 2023 ulikuta vifaa vya kusikilizia havikuleta tofauti kwa wazee wote kwa jumla, ila kwa wale waliokuwa kwenye hatari zaidi kushuka kwa kumbukumbu kulipungua karibu nusu kwa miaka mitatu. Wewe mwenyewe presha yako umepima lini? Na usingizi, mwalimu mwenye watoto wanne, mama mgonjwa na ndugu wanaogombana kwenye simu akisahau jina la mwanafunzi mie wala sishangai.

Jambo moja hukuniuliza. Mtoto wako wa pili. Hukusema kama kuna mtu alikaa nae baada ya zile hela kuonekana. Mwambie, kwa maneno ya umri wake, kwamba bibi huenda anaumwa na kwamba sote tunajua hakuiba, na baba yake nae amwambie. Na ile kanga ya hela muitafutie pahala pamoja na Mama, pahala hapo hapo tu kila mwezi, wewe na yeye mkijua.

Ukishaongea na Pemba niandikie.